Bolti ya nne inazunguka tu: kufungua na kurudisha mto wa egemeo la abiria

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Isevya, hapa Tabora mjini. Pikipiki yangu ni ya cc 150, nami niliifungia egemeo la abiria juu ya keria kwa sababu kila mwezi ninampeleka mama yangu mzazi kliniki Kitete, na siku hizi hawezi kukaa bila kuegemea. Mto wa egemeo umeanza kucheza, leza imepasuka kwa juu, na tangu mvua zianze sponji linanyonya maji, kiasi kwamba hata siku ya jua mama anashuka mgongo umelowa. Nimejaribu kuufungua ili niupeleke kwa fundi makochi. Bolti tatu zimetoka kwa spana namba 10, lakini ya nne, ile ya chini kulia, inazunguka tu wala haitoki. Jirani amenishauri niikate kwa grinda. Nikubali? Na nikiurudisha mto, niufungeje usicheze tena?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwa grinda jibu langu ni hapana, na sababu zake nitazieleza kabla ya jambo jingine lolote, maana ushauri huo hutolewa sana na watu wenye nia njema. Sponji la mto ni la aina ileile ya magodoro, hushika moto upesi, na moshi wake una sumu kali, ikiwamo sianidi. Cheche za grinda hazihitaji kuunguza leza ili zifike ndani, kwa kuwa mto wako umekwisha kupasuka. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya ufundi wangu, niliwahi kukata bolti ya namna hiyo mto ukiwa bado juu ya pikipiki ya mteja. Nilimaliza, nikaweka grinda chini, nikageuka kutafuta kitambaa, na niliporudi mto ulikuwa unafuka moshi kwa ndani bila mwali wowote kuonekana. Tuliuzima kwa ndoo ya maji, lakini tangi la petroli lilikuwa mbele yake pale pale, nami sijasahau.

Sasa tuiangalie bolti yenyewe. Mito mingi ya egemeo inayotengenezwa katika karakana zetu ina ubao wa plaiwudi kwa nyuma, sponji mbele yake, na leza iliyozungushiwa na kupigwa pini nyuma ya ubao. Kabla sponji halijabandikwa, fundi hugongelea kwenye ubao nati zenye makucha, yaani nati iliyounganishwa na kisahani chenye meno matatu au manne yanayozama kwenye mbao. Nati hiyo hugongelewa upande wa sponji, si upande wa nyuma, ili bolti inapokazwa iivute nati izidi kuuma ubao. Bolti hupita kwenye bati la egemeo kutoka nyuma na kuingia kwenye nati hiyo usiyoiona. Kichwa kinachoingia spana namba 10 kwa kawaida ni cha bolti ya milimita 6, kwa hiyo ni bolti nyembamba, na ukiilazimisha kwa spana ndefu itakatika shingo.

Bolti inapozunguka bila kutoka, mambo mawili yametokea kwa pamoja. Kutu imeikamata bolti na nati vikawa kitu kimoja, na plaiwudi iliyonyonya maji imelainika mpaka makucha hayana tena cha kushika. Ndiyo maana hata ukizungusha kutwa nzima hutapata kitu zaidi ya kulipanua tundu. Unachotafuta ni namna ya kuizuia nati isizunguke huku bolti ikizungushwa.

Anza na njia isiyoharibu. Jioni, egesha pikipiki kwenye stendi yake ya kawaida, kisha dondoshea mafuta ya kulegeza kutu pale bolti inapoingilia kwenye bati. Ukikosa, mafuta ya taa yatasaidia, ila yawe matone machache na si kumiminia, kwa sababu yakifika kwenye sponji yatabaki humo na harufu yake haitatoka. Acha mpaka asubuhi. Kisha chonga kabari mbili za mbao ngumu, uziingize kati ya bati na ubao wa mto, moja kila upande wa ile bolti, uzigonge taratibu kwa nyundo ndogo. Kabari zinausukuma ubao mbele, lakini kichwa cha bolti kimezuiliwa na bati kwa nyuma, hivyo kisahani cha nati kinabanwa dhidi ya ubao na makucha yanauma upya. Hapo zungusha spana kinyume cha saa, polepole, kwa mkono usio na pupa. Ikitoka robo mzunguko, irudishe kidogo, weka mafuta tena, endelea. Kwa uzoefu wangu njia hii hufaulu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi ubao haujaoza kabisa.

Ikishindikana, una bahati kwamba bolti tatu umekwisha kuzitoa. Mto uliobaki na bolti moja unaweza kugeuzwa kuizunguka bolti hiyo kama mlango kwenye bawaba. Ugeuze mpaka sehemu kubwa ya mgongo wa ubao itokeze nje ya bati, nawe utaziona pini zilizoshikilia leza. Zing'oe kwa bisibisi bapa nyembamba na plaizi, kuanzia kwenye kona iliyo karibu na bolti, ufunue leza na kulichambua sponji kutoka kwenye ubao kwa kisu chembamba mpaka uifikie nati kwa mbele. Leza yenyewe umekwisha kuamua kuibadilisha, kwa hiyo huna hasara. Ibane nati kwa plaizi ya kujifunga, kisha fungua bolti kwa nyuma. Mtu wa pili akushikie, kwa sababu mto utaanguka bolti ikitoka.

Endapo hata hapo imegoma, basi ikate, lakini kwa jino la msumeno wa chuma lililotolewa kwenye fremu yake na kuzungushiwa kitambaa upande mmoja ili ulishike. Lipitishe kati ya bati na ubao, pale ulipopanua kwa kabari, huku umekishika kichwa cha bolti kwa spana kisizunguke pamoja na jino. Bolti ya milimita 6 haichukui dakika nyingi. Usijaribu kuitoboa kichwa kwa drili, maana bolti yenyewe inazunguka na ncha ya drili itaizungusha zaidi bila kula chuma.

Mto ukiwa mkononi, usikimbilie kwa fundi makochi kabla hujautazama ubao. Mafundi wengi watakuwekea leza mpya nzuri juu ya ubao uleule uliooza, na baada ya msimu mmoja wa mvua utarudi hapo ulipo leo. Bonyeza kingo za plaiwudi kwa ukucha. Ukiona matabaka yanaachana, ukaona weusi kuzunguka matundu, ubao huo uuage. Utumie wa zamani kama kielelezo, uuweke juu ya plaiwudi mpya, uchore umbo na matundu manne kwa kalamu ya ncha kali. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha, na ya milimita 9 inakubalika kama ni ngumu na haina mashimo ndani. Wapo wanaoniuliza kwa nini wasitumie mninga, mti ambao mkoa wetu unao. Mninga ni mbao bora kwa kitanda na mlango, lakini ubao mmoja mpana na mwembamba unaweza kupasuka kufuata nyuzi zake pale unapotobolewa karibu na ukingo, ilhali matabaka ya plaiwudi yamepishanishwa na hayapasuki kirahisi.

Toboa matundu ya milimita 8 kwa ajili ya nati za bolti ya milimita 6, kisha toboa matundu mengine mawili madogo kwenye sehemu ya chini kabisa ya ubao. Hayo mawili si ya bolti. Ni ya kutolea maji na ya kupitisha hewa, kwa sababu mto usio na pa kupumulia hulazimika kuvuta hewa kwenye mishono kila abiria anapoinuka, na kama mshono umelowa, unavuta na maji. Mama yako analowa mgongo siku ya jua kwa sababu hiyo: maji yaliingia juu kwenye mpasuko, hayana pa kutokea chini, na kila anapoegemea anayakamua. Paka ubao wote rangi ya mafuta, nyuma na mbele, na kingo zake mara mbili pamoja na ndani ya matundu, uiache ikauke vizuri kabla ya kugongelea nati mpya. Usirudishe nati za zamani hata kama zinaonekana nzima. Nati hizo ni za bei ndogo, na ukikaza bolti kwenye nati yenye makucha yaliyopinda umejiandalia kazi ileile upya.

Kuhusu sponji na leza sitasema mengi, maana fundi makochi anajua kazi yake, ila mwagize mambo manne. Sponji liwe gumu kiasi, si la godoro laini, na unene wake usizidi sana wa zamani, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Kati ya sponji na leza aweke nailoni, akiiacha wazi kwa chini. Leza iwe kipande kimoja kinachopita juu ya ukingo wa juu bila mshono, na mishono yote iwe pembeni au chini. Na pini zake zisizidi milimita 8 kwa urefu, au milimita 6 kama ubao ni wa milimita 9, zisitokeze upande wa pili. Aivute leza ikiwa imepata joto la jua, kwa kuwa hulainika na kukaa bila mikunjo. Kuna kijana mmoja aliniletea mto aliouziba mishono kwa nta ya nyuki, bidhaa ambayo Tabora haituishii. Wazo halikuwa baya, lakini nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na leza nyeusi iliyoachwa juani mchana wa Oktoba hupata joto la kuilainisha na kuipaka kwenye shati la abiria. Nta itumie kupaka skrubu za mbao kabla ya kuzizamisha, na hapo inafaa sana.

Nifike kwenye urefu wa bolti, jambo ambalo nimeliona likiwaumiza abiria wengi kuliko kutu. Mtu akipoteza bolti ya egemeo huenda dukani kuchukua yoyote inayoingia, na mara nyingi hupewa ndefu. Piga hesabu hivi: bati la egemeo tuseme lina milimita 3, washa bapa 1.5, washa ya springi 1.6, na ubao 12. Jumla ni milimita 18 na ushei, kwa hiyo bolti ya milimita 20 inakutosha na inatokeza kwa mbele chini ya milimita 2. Kwa ubao wa milimita 9 jumla ni 15 na kitu, nawe utachukua bolti ya milimita 16. Sasa fikiria umeweka ya milimita 30: ncha ya chuma itatokeza milimita 12 ndani ya sponji, na kila pikipiki inapoingia kwenye shimo sponji linabonyea na ncha inamfikia mtu mgongoni. Nyuzi za kawaida za bolti ya milimita 6 huenda milimita moja kwa kila mzunguko, hivyo unaweza kuhesabu mizunguko tangu bolti iliposhika mpaka ilipokaza ukajua imezama kiasi gani. Ikiwa haifikii hata mizunguko mitano, ni fupi mno.

Kabla hujaurudisha mto, shika fremu ya egemeo ikiwa tupu na uitikise kwa nguvu mbele na nyuma. Watu hulaumu mto unaocheza kumbe kinachocheza ni fremu kwenye keria, au keria yenyewe imepata ufa pale ilipochomelewa. Futa vumbi, uangalie viungo vya kuchomelea kwa tochi, hasa kwa chini. Ufa mwembamba hujionyesha kwa mstari wa kutu kwenye rangi. Ukiukuta, peleka kwa mchomeleaji, na kabla hajaanza chomoa waya hasi wa betri, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu vifaa vya umeme vya pikipiki. Egemeo la keria iliyowahi kubeba mshikaki, yaani abiria wa pili aliyekalishwa juu ya chuma, lina sababu ya ziada ya kukaguliwa.

Siku ya kufunga, kata vipande vinne vya mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, kila kimoja kikiwa na tundu katikati, uviweke kati ya bati na ubao pale bolti zinapopita. Vitazuia mlio na msuguano. Viwe vyembamba, safu moja tu, kwa sababu mpira mnene huendelea kubonyea na kuiacha bolti imelegea. Mwombe mtu aushike mto mahali pake, kisha ingiza bolti zote nne kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu kila moja, kabla hujashika spana. Kosa ninaloliona kila mara ni kukaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, halafu ya pili, na ya nne inakuta tundu limesogea milimita mbili. Fundi anailazimisha, inaingia upande, inakata nyuzi za nati, na mto unarudi kwenye ugonjwa wa kwanza siku ileile ulipotibiwa. Zote nne zikiwa zimeshika, kaza kwa kupishana pembe: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, kidogo kidogo kwa awamu tatu.

Kiasi cha kukaza kwenye ubao si sawa na kwenye injini. Shika spana fupi kwa vidole, sentimita 10 kutoka kwenye bolti, uvute kama unavyoinua mfuko wa sukari wa kilo 5. Washa ya springi ikilala bapa na mpira ukaanza kubonyea, umefika. Kama unayo gundi ya bolti, ile ya buluu inayofunguka kwa spana, weka tone moja kwenye nyuzi. Nyekundu usiiguse, kwa kuwa mara nyingi hudai moto ili ifunguke, na moto karibu na sponji tumekwisha kuuzungumza. Kama huna gundi, paka grisi kidogo ili kutu isirudi. Usiweke vyote viwili, maana grisi huizuia gundi kushika. Baada ya safari ya kwanza kwenda Kitete na kurudi, rudia kukaza mara moja, kwa sababu mpira na rangi mpya vitakuwa vimejipanga.

Niwajibu kwa ufupi na wale wenye mito ya kiwandani yenye kitako cha plastiki, au iliyobandikwa kwenye boksi la mizigo. Humo bolti hufichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki vinavyobanduliwa kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, na kwenye boksi huweza kuwa ndani ya mfuniko. Nyingine hazina bolti kabisa na mto hupandishwa juu kidogo ndipo uvutwe mbele, kwa hiyo tafuta kwanza inakokamata kabla ya kuvuta. Gundi ya bolti isidondokee kwenye plastiki hizo, kwani baadhi hupasuka zikiguswa nayo, na kaza kwa nguvu pungufu ya ile niliyoitaja kwa ubao.

Nimebakiza unene wa mto, ambao niliahidi kuurudia. Mto mnene humsogeza abiria mbele mpaka akambana dereva, na mwembamba humwacha nyuma, uzito wake ukiwa juu ya ekseli au nyuma yake, gurudumu la mbele likawa jepesi. Hapa kwetu Tabora ardhi ni tambarare na kosa hilo halionekani upesi, ila wenzetu wa Kigoma mjini, wenye kupanda na kushuka milima, hulitambua siku ya kwanza. Sentimita 5 hadi 6 za mto kwa jumla hufaa pikipiki nyingi za cc 150, lakini mkalishe mama kwanza pikipiki ikiwa imesimama, utazame nafasi iliyobaki kati yake na wewe.

Na umwangalie anavyokaa. Kama anakaa upande kwa sababu ya kanga au nyonga, bega moja ndilo linaloegemea na mara nyingi mkono unashika ukingo wa mto, kwa hiyo mto hausukumwi nyuma bali unasokotwa, na bolti za upande mmoja hubeba karibu mzigo wote. Naona hiyo ni sababu inayowezekana kabisa ya bolti yako moja kuchakaa kabla ya wenzake. Kama hawezi kukaa kwa kuweka miguu pande zote mbili, mchomeleaji akuwekee kishikio cha chuma kwenye fremu, chini ya mto, mahali mkono wake unapofika bila kujinyosha, na kwenye bolti mbili za kulia tumia washa pana zaidi nyuma ya bati.